Rika Lisilo na Jina

Juma hili tunawaalika tutafakari pamoja jambo la historia, tena historia iliyo karibu mno hata wengi wetu hatujazoea kuiita kwa jina hilo. Tunawakusudia vijana waliokuwa kidato cha nne nchini Kenya mwaka 2020, waliosoma, wakafanya mtihani na kuomba nafasi za vyuo wakati ugonjwa wa korona ukiwa umeifunga dunia. Twauliza: ni nani atakayeyakusanya masimulizi yao, kwa njia gani, na kwa faida ya nani?

Wazee wetu walikuwa na namna yao ya kuyahifadhi mambo ya jinsi hii. Katika jamii nyingi za Kenya, vijana waliotahiriwa pamoja walipewa jina la rika, na mara nyingi jina hilo lilitokana na jambo kubwa lililotukia wakati wao: njaa, nzige, vita au maradhi. Miongoni mwa Wakikuyu lilikuwapo rika lililoitwa Mutung'u, yaani ndui, kwa sababu ya ugonjwa uliowaua watu wengi mwishoni mwa karne ya 19. Kijana wa rika hilo alilibeba jina la ugonjwa mpaka uzeeni. Mjukuu alipouliza, "Babu, kwa nini mnaitwa hivyo?", masimulizi yalianza. Jina lilikuwa mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na habari ya watu.

Rika la mwaka 2020 halina jina la namna hiyo. Lina namba za mtihani.

Hebu tuikumbuke kwanza mifululizo ya siku zenyewe, maana kumbukumbu huanza kupotea pale tunapodhani kwamba kila mtu anakumbuka. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye, Jumapili tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shule zote zifungwe. Kafyu ikaanza tarehe 27 mwezi huo huo. Tarehe 7 Julai, Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo umekwisha kupotea na kwamba mitihani ya taifa haitafanyika mwaka huo. Watahiniwa walioambiwa wangoje hadi Januari waliitwa tena ghafla: tarehe 12 Oktoba 2020 kidato cha nne kilirudi darasani pamoja na darasa la nane na gredi ya nne, baada ya kukaa nyumbani karibu miezi 7. Mtihani wa KCSE wa mwaka 2020 ukaanza tarehe 26 Machi 2021. Siku iyo hiyo Rais alizifunga tena kaunti tano, yaani Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Masomo yakasimamishwa, ila watahiniwa waliruhusiwa kuendelea na karatasi zao. Matokeo yakatangazwa tarehe 10 Mei 2021.

Watahiniwa walikuwa zaidi ya 747,000. Waliopata alama ya C+ na kuendelea, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kuingia katika shahada ya chuo kikuu, walikuwa zaidi ya 143,000, takriban mmoja kati ya kila watano. Baada ya hapo waombaji waliingia katika tovuti ya KUCCPS, taasisi inayowapanga wanafunzi vyuoni, ama kwa simu ya nyumbani ama kwa kompyuta ya saiba. Huko mwombaji huandika namba yake ya mtihani na kuchagua kozi kwa namba zake. Mashine hulinganisha alama na nafasi zilizopo, na jibu hurudi. Katika safari hiyo yote, tangu shule kufungwa hadi barua ya chuo kutoka, hakuna mahali mfumo ulipomwuliza kijana: Mwaka huu ulikuwaje kwako?

Hatusemi hayo kwa kuilaumu mashine. Tarakimu zina kazi yake, na taifa lisilohesabu haliwezi kupanga. Lakini tarakimu hutuambia mwisho wa njia, hazituambii njia yenyewe. Tutoe mfano. Siku ile ile ya tarehe 7 Julai 2020, kampuni ya Loon pamoja na Telkom Kenya zilianza kutoa huduma ya intaneti kwa vipulizo vikubwa vilivyoelea juu angani, vikilenga eneo la kilomita za mraba zipatazo 50,000 katika magharibi na kati ya nchi. Magazeti ya dunia yaliandika habari zake. Mwanzoni mwa mwaka 2021 mradi huo ukafungwa. Mwanahistoria wa kesho atazipata kwa urahisi habari za vipulizo, urefu vilivyopaa na tarehe vilivyoshushwa. Je, atampata wapi kijana aliyekuwa chini yake na simu moja ya familia nzima, akingoja zamu yake usiku baada ya wadogo zake kulala? Je, vipulizo vilimfikia? Alikuwa na fedha za bando? Maswali hayo yana majibu, na majibu hayo yamo katika vichwa vya watu walio hai.

Tena tarakimu iliyoachwa peke yake huweza kupotosha. Mwezi Juni 2020 nchi ilishtushwa na habari kwamba wasichana karibu 4,000 wa kaunti ya Machakos walikuwa wamepata mimba. Watu wengi walisema haraka: haya ndiyo matunda ya kufungwa kwa shule. Hata hivyo hesabu hiyo ilitokana na mahudhurio ya zahanati tangu mwezi Januari, na shule zilifungwa katikati ya Machi. Msichana aliyekwenda kliniki mwezi Februari hakuipata mimba yake wakati wa kufungwa. Hivyo basi wasichana hao walisemwa katika redio, katika vikao na katika ibada, wakahukumiwa kwa kalenda isiyokuwa yao, na sauti zao hazikusikika. Utafiti wa makini ulikuja baadaye. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika magharibi mwa Kenya, uliowalinganisha wasichana waliomaliza sekondari Novemba 2019 na wale waliotazamiwa kumaliza Novemba 2020. Kundi la pili lilikuwa katika hatari mara 2 zaidi ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na mara 3 zaidi ya kuacha masomo. Dhara lilikuwa la kweli, basi. Lakini hata utafiti huo mzuri hutupa uwiano tu. Hautupi mazungumzo ya usiku kati ya mama na binti, wala hesabu ya baba aliyepoteza kibarua akiamua ni mtoto yupi arudi shuleni Oktoba.

Wapendwa wasomaji, tunalo onyo la zamani mbele yetu. Mwezi Septemba 1918 homa ya mafua iliyokuwa imeenea duniani ilifika Mombasa kwa njia ya bahari, ikapanda bara. Ilikuwa miezi ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Wapagazi wa vita ile waliacha jina lao mjini: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni matamshi yetu ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Kila anayekwenda sokoni huwataja bila kujua. Ile homa haikuacha jina la mtaa wala la soko. Yaliyobaki kwa sehemu kubwa ni ripoti za madaktari wa serikali, na katika parokia kongwe pengine kitabu cha maziko, chenye tarehe na majina yaliyofuatana kwa karibu mno katika kurasa chache. Mwandiko wa karani huonyesha kwamba watu walikufa. Namna walionusurika walivyoendelea kuishi, karani hakuwa na nafasi ya kuandika. Na walioweza kusimulia wamekwisha kuondoka wote.

Lakini tunao pia mfano mwema. Mwaka 1968, wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee walioishuhudia Vita ya Maji Maji ya mwaka 1905 hadi 1907. Kazi hiyo iliongozwa na wanahistoria John Iliffe na Gilbert Gwassa. Kabla ya hapo, habari nyingi zilizosomwa za vita ile zilikuwa zimetoka katika makaratasi ya Wajerumani. Wazee waliwaeleza vijana hao habari za mashamba ya pamba ya kulazimishwa, viboko, kodi, na matumaini waliyoyaweka katika dawa. Kwa upande wa Kenya, Profesa Bethwell Ogot, aliyefariki Januari 2025, alikuwa amekwisha kuonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya Wajaluo wa kusini kwamba masimulizi ya wazee, yakichunguzwa kwa uangalifu, ni ushahidi wa historia wenye haki sawa na karatasi.

Tazameni basi jinsi mambo yalivyogeuka. Mwaka 1968 mwanafunzi alikuwa msikilizaji na mzee alikuwa chemchemi. Katika habari ya mwaka 2020, mwanafunzi mwenyewe ndiye chemchemi, na ni sisi wazee tunaopaswa kusikiliza. Jambo hilo ni gumu kwetu, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba kijana hana historia. Ana ripoti ya shule tu.

Mtu ataweza kusema: mbona waombaji wa vyuo huandika habari zao wenyewe? Ni kweli, katika nchi nyingine. Huko Marekani, ambako mitihani ya SAT ya Mei na Juni 2020 ilifutwa na vyuo vingi vikaacha kuidai, fomu ya maombi iitwayo Common App iliongezewa swali la hiari: mwombaji aeleze, kwa maneno yasiyozidi 250, jinsi ugonjwa ulivyomwathiri. Bila shaka swali hilo liliulizwa kwa nia njema. Lakini anayelijibu anajua kwamba msomaji wake ndiye mwenye ufunguo wa lango. Basi hupanga maneno yake: huchagua huzuni inayofaa kusemwa, huiondoa ile ya aibu, na humalizia kwa ushindi, kwa sababu chuo hupenda mtu aliyeshinda. Maandishi hayo ni ya kweli kwa kiasi chake, lakini ni maombi. Masimulizi ya historia ni kitu kingine: huelezwa kwa mtu asiye na cha kutoa wala cha kunyima, ambaye anataka kujua tu.

Sisi tusijione tumepona hapo. Kenya haimwulizi mwombaji wa chuo habari zake, lakini humwuliza mwombaji wa msaada wa karo. Katika fomu za basari na za mikopo ya HELB kijana hutakiwa kueleza umaskini wa nyumba yake, wazazi walio hai na waliokufa, ndugu wanaosoma. Mara nyingi fomu ya basari hutaka sahihi ya chifu na ya kiongozi wa dini. Hivyo kijana hujifunza mapema kwamba hadithi ya maisha yake ina bei, na kwamba husomwa na wenye mhuri. Atakapoulizwa tena na mwenye mhuri yule yule, "Tueleze mwaka 2020 ulikuwaje," atatoa hadithi ile ile ya fomu, iliyokwisha kupigwa pasi.

Kwa sababu hiyo twasema neno ambalo pengine litawashangaza baadhi yenu: katika kazi hii, sisi tunaotia sahihi barua za vijana tusiwe waulizaji. Wala mwalimu mkuu asiwe mwulizaji, wala mjumbe wa kamati ya basari. Kazi yetu ni kutoa chumba chenye utulivu, kununua kadi za kuhifadhi sauti, na kuzitunza. Waulizaji wawe vijana wa rika lile lile au wadogo wao wanaosoma historia, waliofundishwa kunyamaza. Tuseme mapema, kabla ya kinasa sauti kuwashwa, kwamba hakuna msaada utakaotolewa kwa ajili ya masimulizi, wala hakuna utakaozuiwa kwa kukosa kuyatoa.

Jambo la pili ni hili: nani aulizwe? Hatari iliyo kubwa ni kuwakusanya wale waliofika chuoni peke yao. Hao ni rahisi kuwapata. Wana vyama, wana picha za mahafali, wamejifunza kusema mbele ya watu. Lakini kumbukeni hesabu: karibu wanne kati ya kila watano hawakufikia kiwango cha chuo kikuu. Wengine walikwenda vyuo vya ufundi na vya ualimu. Wengine walikuwa wameshika pikipiki ya bodaboda wakati wa kufungwa, wakaizoea fedha ya kila siku, na Oktoba ilipofika dawati likawa dogo. Wengine waliitwa chuoni, lakini karo haikupatikana. Na wako wale ambao hawakuufikia mtihani kamwe. Mtu aliyeacha kuomba naye ana historia ya kuomba: kulikuwa na siku aliyoamua, na sababu iliyomfanya aamue. Tukiandika habari za waliopita langoni tu, tutawaachia wajukuu picha ya uongo, ya taifa lililovumilia kidogo kisha likafaulu.

Tena wasisahauliwe waliokuwa kando ya wanafunzi. Walimu wengi wa shule za binafsi walikaa miezi bila mshahara. Kule Mwea kulikuwa na shule ambayo madarasa yake yaligeuzwa mabanda ya kuku. Mtahiniwa aliyerudi na kukuta mwalimu wake wa hesabu amehamia biashara nyingine alibadili ndoto yake kwa sababu ambayo alama yake ya mwisho haiwezi kuieleza.

Jambo la tatu ni namna ya kuuliza. Tusiulize, "Uliteseka vipi?", kwa maana swali hilo limekwisha kujijibu. Tuulize: Siku shule zilipofungwa ulikuwa wapi? Ulisafiri kwa nini kwenda nyumbani? Nani alikuwa na simu? Ulisikia wapi kwamba mtihani umeahirishwa, na ulifanya nini saa ile? Ulichagua kozi gani kwanza, na baadaye ukabadili? Nani alikuwa karibu nawe ulipoandika namba ya kozi? Kisha tunyamaze. Na kila mmoja aseme kwa lugha aliyoishi nayo siku hizo, iwe Kiswahili, lugha ya mama au Sheng. Tafsiri itakuja baadaye.

Wala tusiwe wepesi kusahihisha. Mwanahistoria wa Italia, Alessandro Portelli, alichunguza habari za mfanyakazi mmoja wa mji wa Terni, Luigi Trastulli, aliyeuawa mwaka 1949 katika maandamano ya kupinga nchi yake kujiunga na NATO. Watu wengi wa mji huo walimwambia kwamba kifo kile kilitokea mwaka 1953, wakati wafanyakazi wengi walipoachishwa kazi. Portelli hakuwacheka. Alitambua kwamba kosa la tarehe lilimwonyesha mahali jeraha la mji lilipokuwa hasa. Kadhalika kijana wetu akisema kwamba alikaa nyumbani miaka miwili, tusimkatize kwa kalenda. Tuandike tarehe ya kweli pembeni, na tujiulize ni nini kilichoifanya miezi 7 iwe mirefu hivyo kwake.

Jambo la nne ni utunzaji. Katika mji wa New York, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walianza kukusanya masimulizi ya korona tangu majira ya kuchipua ya mwaka 2020, na wakarudi kwa watu wale wale zaidi ya mara moja, kwa kuwa mtu husimulia tofauti anapokuwa bado katikati ya mto na anapokuwa amevuka. Sisi mara ya kwanza imetupita. Kijana wa 2020 sasa ni mtu mzima. Lakini mara ya pili ingalipo, na ya tatu. Kila sauti iandikiwe tarehe, mahali na jina la mwulizaji. Nakala ziwe mbili, katika sehemu mbili. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hutaka ridhaa ya mwenye habari, na hata isingalitaka, heshima ingalitaka. Msimulizi aamue kama jina lake litajwe au lifichwe, na kama sauti yake isikike sasa au baada ya miaka 30. Anayekataa aheshimiwe. Msichana aliyesemwa na nchi nzima bila kuulizwa ana haki ya kusema, na ana haki iyo hiyo ya kunyamaza.

Wapendwa, Profesa Magoha alifariki Januari 2023. Hotuba zake zimo katika kumbukumbu za vyombo vya habari, na yeyote anayetaka ataisikia sauti yake. Vijana zaidi ya 747,000 waliozisikiliza hotuba zile, wakijiuliza maisha yao yataelekea wapi, wengi wao hawajarekodiwa hata dakika moja. Wengine wamekwenda ng'ambo kutafuta kazi. Baadhi yao nao wamekwisha kuzikwa.

Majina ya marika hayakutolewa na serikali. Yalitoka katika vinywa vya watu waliokaa pamoja na kukubaliana ni jambo gani lililowapata. Hatujui rika hili litajiita nani likipewa nafasi hiyo. Pengine jina halitakuwa la ugonjwa hata kidogo. Pengine litakuwa la simu, la pikipiki, au la kungoja. Juma hili, kila mmoja wetu amtafute kijana mmoja wa darasa lile, na amtafutie msikilizaji.